Vidaraja Sita

Wenzake walipotoka darasani saa tisa na nusu na kukimbilia uwanjani, Rula alishika njia ya karakana ya shangazi yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu, mwembamba, na hakuna siku aliyotoka nyumbani bila rula mfukoni. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye daftari la mahudhurio tu. Akifika karakana alivua sweta, akanawa mikono, akafagia vipande vya mbao vilivyodondoka tangu asubuhi, kisha akakaa mbele ya kompyuta mpaka mama yake, aliyekuwa muuguzi, atoke zamu na kumpitia.

Karakana ilikuwa na vyumba viwili. Cha ndani kilikuwa cha mashine ya leza, yenye ukubwa wa friza la duka na kifuniko cha kioo cheusi. Ndani yake mwali mwembamba kuliko sindano ulikata mbao, ngozi na plastiki kwa joto tu, bila msumeno. Feni kubwa ilivuta moshi na kuutoa nje, lakini harufu ya mbao zilizoungua iliganda kwenye mapazia, kwenye nywele, hata kwenye mkate waliokula saa kumi. Watu wa mtaani walimwita shangazi Fundi Leza. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, na mteja aliyemharakisha alitazamwa juu ya miwani hiyo mpaka akatafuta kiti mwenyewe.

Kazi ya Rula ilikuwa kuandaa michoro. Wateja walileta picha za kila namna: nembo iliyopigwa kwa simu, jina lililoandikwa kwa kalamu ya wino nyuma ya bahasha. Picha ya namna hiyo imejengwa kwa vidoti, na ukiikuza kwenye skrini unaona kama mchanga uliomwagika. Mashine ya leza haijui kufuata mchanga. Inataka mstari wenye mwanzo na mwisho. Basi Rula alichora upya kila kitu kwa mistari juu ya ile picha, nukta baada ya nukta, akivuta kila nukta mpaka mkunjo ukae sawa. Mstari mwekundu ulimaanisha kata. Sehemu nyeusi ilimaanisha unguza juu juu, usitoboe. Ilibidi kila umbo lifungwe, kwa sababu duara lililoachwa wazi hata kwa upana wa unywele haling'oki kwenye ubao. Ilibidi pia mistari iliyolaliana iondolewe, la sivyo mashine ingepita mara mbili palepale na kugeuza kingo za ubao kuwa mkaa.

"Mashine haina akili ya kukuhurumia," shangazi alimwambia siku ya kwanza. "Itafanya ulichochora, si ulichokusudia."

Kwa mwaka mzima Rula hakuwa ameharibu faili hata moja.

Muhula ule shule ilimaliza kujenga maktaba, na mwalimu mkuu akatangaza mashindano ya kuchora kibao cha kuning'inizwa juu ya mlango wake. Mchoro bora ungekatwa kwenye mbao. Rula alilala na jambo hilo akaamka nalo. Wiki ya pili wazo likamjia. Kwenye mfereji wa bati la karakana ndege walikuwa wamejenga kiota, na makinda watatu walikuwa wamepanua midomo wakisubiri kulishwa. Nyuma ya daftari lake la historia Rula alichora kiota, lakini mahali pa makinda akaweka vitabu vitatu vilivyofunguka kama midomo yenye njaa. Chini ya kiota akaandika MAKTABA kwa herufi nene.

Mtu wa kwanza kuonyeshwa alikuwa Spika, ambaye alikaa naye dawati moja tangu darasa la tatu. Msichana huyo alipewa jina hilo kwa sababu ya sauti yake. Akiimba kwenye kwaya, hata wapishi jikoni waliacha miiko wakasikiliza. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu, akasema ni mzuri. Kesho yake akaomba daftari lile ili anakili maelezo ya historia, akakaa nalo siku nne.

Siku ya mwisho ya kupokea michoro, Rula alipeleka wake, msafi, umepigwa wino. Mwalimu wa sanaa aliutazama, akafungua kabati, akatoa mchoro mwingine, akaiweka miwili sambamba mezani mbele ya darasa zima. Kiota kilekile. Vitabu vilevile. Ule wa kabatini ulikuwa na jina la Spika na tarehe ya siku tatu nyuma.

Mwalimu hakugomba. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyesikitika, kwamba alitarajia makubwa kutoka kwake, na kwamba kunakili kazi ya rafiki ni wizi kama wizi mwingine. Rula akageuka kumtazama Spika, akidhani atasimama aseme. Spika alikuwa amejiinamia, anachonga penseli.

Kufikia mapumziko ya saa nne hakuna aliyemwita Rula tena. Walimwita Fotokopi.

Alihama dawati siku hiyohiyo, na tangu hapo hakuwa na kazi nyingine kichwani ila kutafuta namna ya kulipiza. Alifikiria kumwaga wino kwenye mkoba wa Spika, akaona ni mchezo wa watoto. Alifikiria kumvumishia uongo, akaona uongo husahaulika. Alitaka kitu ambacho Spika angekikumbuka mpaka ameota mvi. Mama yake alimuuliza kwa nini amepoteza hamu ya kula, akasema ni joto. Kumweleza mama kungemfanya alie, naye hakutaka kulia. Alitaka kulipiza. Kila aliposikia "Fotokopi" nyuma ya mgongo wake alihesabu, na alipofika thelathini na saba akaacha kuhesabu, kwa sababu hasira ilikuwa imekwisha kumtosha.

Spika akatangazwa mshindi. Wiki moja baadaye, shangazi aliweka flashi mezani mbele ya Rula na kumwambia kwamba shule imeleta kazi, kibao cha maktaba yao, na kwamba amesikia mshindi ni yule rafiki yake mwenye sauti. Akaongeza kuwa amfikishie pongezi.

"Sawa, Shangazi," alisema Rula.

Alipofungua faili, picha ya mchoro wa Spika ilijaa kwenye skrini. Aliikuza na kuipitia polepole, kijiti kwa kijiti, na alipofika kwenye herufi akatoa kicheko kikavu. Herufi za kibao zilikusudiwa kutobolewa ili mwanga upite. Sasa, ukiitoboa herufi A hivihivi, ile pembetatu ya katikati haina cha kuishikilia. Inaanguka, na unabaki na shimo lisilosomeka. Ndiyo maana Rula, alipochora mchoro wake daftarini, aliacha kipande chembamba kinachoishika pembetatu hiyo kutoka pembeni, na akafanya hivyo pia kwa matumbo mawili ya B. Alikuwa amechora akiijua mashine. Spika alikuwa amenakili hata vipande hivyo, bila shaka akidhani ni urembo.

Kiota nacho kilishikana na ubao wa herufi kwa vijiti sita vilivyoteremka chini, kila kimoja na upana wa milimita nane. Shangazi aliviita vidaraja. Bila vidaraja hivyo kibao kingekuwa vipande viwili.

Rula alikitazama kidaraja cha kwanza. Wazo lilimjia likiwa zima, halikuhitaji kupangwa. Alikuwa ameona mazoezi ya sherehe. Ijumaa, mbele ya wazazi na wageni, Spika angekichukua kibao mezani na kukiinua juu kwa mikono miwili.

Hakuwa na haraka. Aliikamata nukta ya kidaraja cha kwanza na kuivuta ndani, huku akikumbuka daftari lililokaa siku nne. Cha pili alikivuta kwa ajili ya penseli ile iliyochongwa. Cha tatu kwa ajili ya mwalimu kusikitika mbele ya watu. Vingine vitatu alivigawia wote waliocheka. Milimita nane zikawa moja na nusu. Juu yake akaweka rangi nyeusi, ili mashine iunguze mapambo ya magome ya mti na jicho lisione palipo pembamba. Kibao kingelala salama mezani. Kingesimamishwa, uzito wa herufi ungevuta chini, na mshindi angebaki ameshika nusu ya ushindi wake. Alimwona Spika akiwa hivyo, waziwazi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akasikia njaa.

Kwa kawaida shangazi hakukata ubao kabla ya kujaribu mchoro kwenye kadibodi. Lakini wiki ile alikuwa na oda ya medali mia mbili za mbio, na kope zilikuwa nzito kwa kukosa usingizi. Aliutupia jicho mchoro kwenye skrini, ukaonekana sawa.

"Umekagua?" aliuliza.

"Nimekagua, Shangazi."

"Basi. Kwako sikagui mara mbili."

Maneno hayo yalimchoma Rula kidogo, akayameza. Mashine ikaunguza magome kwanza, ikakata matundu ya ndani, mwisho ikazunguka ukingo wa nje. Ilipomaliza, Rula alijitolea kukifunga kibao mwenyewe. Alikitelezesha juu ya kadibodi ngumu, akakifunika kwa kitambaa, akamsihi dereva aliyetumwa na shule akibebe kikiwa kimelala.

Ijumaa saa nne wazazi walikuwa wamejaa kwenye viti mbele ya maktaba. Rula alijipenyeza mpaka mstari wa mbele asikose hata chembe. Spika alikuwa amesimama kando ya meza, sare imenyooshwa, viatu vinameta.

Kisha mwalimu mkuu akabadilisha mpango. Aliona kibao ni kirefu, akasema Spika atafunua kitambaa tu, na Mzee Komeo atakipandisha moja kwa moja mahali pake.

Mzee Komeo alikuwa mtunza majengo wa shule. Ndiye aliyerekebisha vitasa, madirisha na madawati, na alizungumza na kitu kibovu kama daktari na mgonjwa wake. Hakuna mtoto ambaye hakuwahi kufunguliwa mlango naye au kukomelewa msumari wa kiti. Alipanda ngazi taratibu, kibao kifuani kimelala. Ilimtosha kusema neno moja, subirini, na alikuwa na muda wa kulisema. Lakini Spika alikuwa bado pale chini akitabasamu, na Rula akajiambia kwamba kibao ni cha Spika, aibu itakuwa ya Spika, haidhuru kiko mikononi mwa nani. Akanyamaza.

Mzee Komeo akatia ndoano ya kwanza, akatia ya pili, akaachia.

Mlio ulikuwa mdogo, kama mtu aliyevunja njiti ya kiberiti. Ubao wa herufi ukakatika ukaanguka. Mzee Komeo alinyoosha mkono kuudaka, pembe yake kali ikamchana kiganja toka kidole gumba mpaka karibu na kifundo cha mkono. Ubao ukapiga ngazi za maktaba, ukapasuka, MAK upande huu na TABA upande ule.

Wanafunzi wachache walicheka. Spika akaangua kilio, na hapo mambo yakaenda kinyume kabisa na alivyoyapanga Rula. Akina mama wawili waliinuka wakamkumbatia Spika. Mgeni rasmi alimshika mkono, akasema mtoto mwenye kipaji kama hiki asikate tamaa, na watu wakampigia makofi kuliko hata walivyompigia alipotangazwa mshindi. Macho yote yaliyokuwa na lawama yalielekea juu ya ngazi. Mwalimu mkuu, aliyeaibika mbele ya wageni, alimuuliza Mzee Komeo kama hawezi kushika hata kitu kimoja kwa uangalifu. Mzee, kiganja kimebanwa kwa leso inayolowa damu, alijibu kwamba hakukigonga popote. Hakuna aliyemsikiliza.

Rula alitoka pale hasira zikiwa mara mbili. Kisasi chake kilikuwa kimeondoka kwenda kumbembeleza adui.

Jumamosi asubuhi alikuwa karakana akifuta kioo cha mashine Mzee Komeo alipoingia na gunia. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye vidole, na fundo la gunia lilimshinda. Alimwomba Rula amfungulie.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Mkono huu tangu jana umekuwa mgeni, kazi haushiki."

Akatoa vipande vya kibao, akavipanga mezani kimoja kimoja. Alimwomba shangazi amsamehe, akasema alikishika kibao kile kama trei ya mayai na hajui kimevunjikaje. Aliuliza kama gundi ingeweza kukiunga, akirudishe Jumatatu. Jumatatu hiyohiyo alikuwa ameambiwa akabidhi funguo zote na abaki nyumbani mpaka kamati ya shule ikae kumjadili. Alikuwa ameshika funguo hizo kwa miaka kumi na tisa.

Shangazi hakuwa na huruma. Alisema ubao huo aliukata mwenyewe bila kuona hata ufa, na kwamba lazima kiligongwa kwenye ngazi. Kufikia jioni ya Ijumaa, wateja wawili walikuwa wamekwisha kumuuliza kama kazi zake siku hizi zinavunjika.

"Kwa kweli, Mzee," alimalizia, "umeniharibia jina."

Mzee Komeo aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Fundi."

Rula alikuwa amesimama palepale, kitambaa mkononi. Aliviona visiki sita vya vidaraja vilivyokatika, vimejipanga kwenye ukingo wa ubao. Angeweza kukaa kimya. Na hata wakati ule, tusidanganyane, kilichomfunga mdomo hakikuwa woga wa adhabu peke yake. Alijua kwamba akisema, Spika atabaki mshindi anayepigiwa makofi, na yeye ataongezewa jina jipya juu ya lile la zamani. Wazo hilo lilikuwa chungu kuliko kipigo chochote. Lakini mtu mzima aliyejeruhiwa naye alikuwa mbele yake, anaomba radhi kwa kosa ambalo hakulitenda, na anaiomba kwa sauti ya chini kama mtoto.

"Si yeye, Shangazi," alisema. "Ni mimi. Pima vidaraja."

Shangazi alivaa miwani. Alichukua kipimo cha milimita, akabana kisiki cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hakuendelea. Alikwenda kwenye kompyuta, akafungua faili, akakuza mchoro mpaka kidaraja kimoja kikajaa skrini nzima, akakitazama.

Alipoinuka, hakumwendea Rula. Alikwenda kusimama mbele ya Mzee Komeo, akamwomba msamaha kwa kila neno alilomwambia. Ndipo akageuka.

"Nilikuuliza kama umekagua. Ukanidanganya."

"Nilikagua, Shangazi," Rula alijibu, machozi yakimtoka. "Nilikagua mara tatu, nihakikishe vitakatika."

Akasimulia yote: daftari, siku nne, michoro miwili mezani, jina la Fotokopi, na jinsi alivyomtaka Spika na si mtu mwingine. Shangazi alisikiliza mikono imekunjwa. Mzee Komeo alisikiliza akiutazama mkono wake.

"Na mimi, mwanangu," aliuliza mzee taratibu, "katika ugomvi wenu nilikuwa nani?"

Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, watatu hao walikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Rula alieleza alichokifanya, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila kujipunguzia. Mwalimu mkuu alipauka. Alisema kwamba habari ya kibao ameielewa, na adhabu itakuwepo. Lakini habari ya mchoro kuibwa ni jambo jingine, kwani kila anayekamatwa hupata mtu wa kumsingizia. Hata hivyo alimwita mwalimu wa sanaa, akamwita na Spika.

Shangazi ndiye aliyeomba kuuliza. Aliweka mchoro wa Spika mezani, akaweka kidole kwenye kile kipande chembamba ndani ya herufi A.

"Mwanangu, hiki ulikiweka cha nini?"

Spika alitazama, akatazama tena. Akasema ni pambo.

Alipoulizwa Rula, hakuhitaji kutazama. Alieleza kwamba bila kipande hicho pembetatu inaanguka wakati wa kukata, na akaonyesha kingine kwenye B, na jinsi kila kijiti cha kiota kilivyochorwa kikigusa vingine viwili ili kisitoke peke yake. Mchoro ule, alisema, aliuchora tangu mwanzo ukiwa wa kukatwa. Shangazi akaongeza kwamba mtu ambaye hajawahi kuona tumbo la A likidondoka kwenye mashine hawezi kuliwazia jambo hilo. Mwalimu wa sanaa alichukua mchoro ule akausogeza karibu na uso, akauweka chini, akakaa.

Mwalimu mkuu alimgeukia Spika. Spika naye, ambaye sauti yake ilijaza ukumbi, safari hii ilibidi wainame kumsikia. Alisema ndiyo, alinakili. Alisema tangu aanze shule watu walimsifu kwa kuimba tu, kana kwamba ndani yake hamna kingine. Alitaka mara moja asifiwe kwa kitu tofauti. Mwalimu alipousifu mchoro alifurahi mno, na baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu zaidi kusema kuliko jana yake.

Hii ndiyo saa aliyoingojea Rula kwa wiki zote zile, na ni kweli, furaha ilimjia, kali na tamu. Haikukaa. Pembeni yake Mzee Komeo alikuwa ameuficha mkono wenye bandeji ndani ya koti, asije akaonekana anadai kuhurumiwa.

Asubuhi ileile, kwenye mkusanyiko wa shule, mwalimu mkuu alimrudishia Mzee Komeo funguo zake mbele ya wanafunzi wote na kumwomba radhi. Spika alipanda jukwaani akasema mchoro ni wa nani. Kisha Rula naye akapanda akasema nani aliyevunja kibao, na hiyo ilikuwa ngumu, kwa sababu wengine waliokuwa wameanza kumwonea huruma walinyamaza ghafla. Mwalimu wa sanaa alimfuata darasani, akamwambia mbele ya wote kwamba alimhukumu kabla ya kumsikiliza, na kwamba amekosea.

Adhabu yao ilikuwa kutengeneza kibao kipya. Kwa wiki nzima Rula aliandaa faili upya, na Spika akaja karakana kila alasiri kusugua mbao kwa msasa mpaka mikono ikawa na malengelenge. Shangazi hakumwamini Rula kama zamani. Alikagua kila mstari, akakata mchoro wote kwenye kadibodi kwanza, akaushika na kuutikisa. Rula alisimama pembeni akitazama akikaguliwa, na hilo lilimuuma kuliko adhabu yenyewe. Siku ya tatu Spika aliuliza, bila kuinua macho kwenye msasa, kama Rula amemsamehe.

"Bado," alijibu Rula. "Lakini nipe huo ubao, umeusugua upande mmoja tu."

Shangazi aliwasikia kutoka chumba cha ndani, hakuingilia.

Kibao kilipandishwa Jumatano ya wiki iliyofuata, bila wageni wala viti. Mzee Komeo alikitundika mwenyewe kwa mkono ambao mshono wake ulikuwa umeanza kupona, akakivuta chini kwa nguvu mara mbili, akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameridhika. Watoto wakafungua mlango wakaingia. Rula alibaki nje na shangazi yake, wakitazama mwanga ukipita kwenye herufi.

"Ulidhulumiwa," shangazi alisema. "Ungeniambia siku ile, ningefunga mashine nikaja nawe shuleni saa hiyohiyo. Hasira yako ilikuwa ya haki, sikulaumu kwa hasira. Nakulaumu kwa kuificha ndani ya kazi ya mikono yako. Ilipotoka humo, haikumtafuta aliyekukosea. Ilimpiga aliyekuwa karibu. Ukikosewa tena, simama useme mbele ya watu, hata sauti ikitetemeka, na usiache kusema mpaka wakusikie. Lakini kazi unayoitoa mikononi mwako itoe nzima, hata kama anayeipokea ni adui yako, kwa sababu hujui ni nani atakayekuwa chini yake siku itakapotundikwa."